Nilisema "Yes", Nikaitwa Mwongo

Mwaka jana niliitwa intavyuu kwa ofisi moja hapo Wote. Jamaa akapitia karatasi zangu, akaniuliza: "You didn't finish college?" Mimi kwa roho safi nikajibu: "Yes." Akaandika. Wiki mbili baadaye napigiwa simu nipeleke cheti. Cheti gani tena? Eti nilisema nilimaliza. Kazi ikaenda hivyo, na jina la mwongo nikabaki nalo.

Sasa wasee, uongo uko wapi? Niulize kwa Kiswahili, "Hukumaliza chuo?" Nikisema ndiyo, nimekubaliana nawe: kweli, sikumaliza. Kizungu hakijali wewe umesema nini. Kinaangalia kitendo chenyewe, na kama hakikufanyika, jibu ni "No". Miaka kumi na miwili ya shule hakuna mwalimu aliniambia hii kitu. Tulikaririshwa tu "go, went, gone". (Na hiyo "went" hata si ya "go". Ilitoka kwa kitenzi kingine, "wend", ikahamia huko ikakwama.)

Halafu tunachekana. Juzi hapa soko la Mukuyuni mama muuza maembe alikuwa anamwelezea mteja wa Nairobi kuhusu mumewe, akasema, "She is coming." Vijana wa boda walicheka hadi mmoja akashuka pikipiki. Lakini sisi tuna "yeye" moja, ya mume na ya mke, na Kikamba ni hivyo hivyo. Wazungu nao "you" ni mtu mmoja, "you" ni watu mia. Walikuwa na "thou" ya mtu mmoja, wakaitupa. Nani amewahi kuwacheka? Ile "b" ya "debt" nayo iliingizwa na wasomi waliotaka neno lifanane na Kilatini. Hakuna anayeitamka, lakini iache kwa barua ya kazi uone.

Mtasema nijifunze. Nimejifunza, tena kwa bei ghali. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Kazi yenyewe ilikuwa kuzungukia wakulima wa maembe huku Kaiti. Kwa nini intavyuu nzima iwe Kizungu?

Jana jioni nilipita kwa yule mama. "Mama, hujamaliza kuuza?"

"Ndiyo," akasema.

Nikanunua matatu.