Kabla ya Kulaumiana, Fungueni Dirisha

Mwezi huu sitaongelea nyumba ndogo wala zawadi za siku ya kuzaliwa. Nataka tuongelee hewa. Ndiyo, hewa! Usifunue ukurasa, ngoja kwanza nikupe mkasa wenyewe.

Tulipohamia nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi chumbani, nilijiona nimefika. Si unajua tena joto la Dar? Miaka yote tulilala madirisha wazi, feni inapiga kelele na mbu wanatuimbia masikioni. Sasa tukafunga kila kitu: vioo, pazia zito, mlango, na chini ya mlango nikasukumia taulo ili ubaridi usitoroke. Tukawa tunalala kama watalii.

Baada ya wiki chache mambo yakaanza kuharibika. Naamka kichwa kizito kama niliyekesha ngomani. Mume wangu, Baba Tumaini, naye anaamka amenuna. Nikimwuliza kama anakunywa chai kabla ya kutoka, jibu lake linakata kama wembe. Yeye anasema siku hizi nimekuwa mkali, mimi nasema amenichoka. Shosti wangu mmoja akamwaga petroli kwenye moto: "Mwanamume akinuna asubuhi, ujue usiku alikuwa anamwota mwingine." Basi bwana, nikaanza kupekua simu. Baba Tumaini akachukua shuka lake, akahamia kwenye kochi la sebuleni.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki: huko kwenye kochi akawa anaamka mzima, anaoga huku anapiga mluzi! Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Nilijua moja kwa moja kwamba tatizo ni mimi.

"Shem, mnalala ndani ya chupa"

Aliyetuokoa ni mdogo wake, fundi wa viyoyozi. Alikuja kutusalimia, akaona kaka yake amekunja shuka kwenye kochi, akajua kuna jambo. Hakuuliza ya ndani, maana ana adabu. Alisema tu, "Shem, niruhusu niache kidude changu chumbani usiku mmoja. Na kaka arudi kitandani kwake."

Kidude chenyewe kinafanana na saa ya mezani. Kinapima hewa ukaa, ile tuliyofundishwa shuleni kwa jina la kaboni dayoksaidi. Tulipopanda kitandani kilisoma 600 na kitu. Saa kumi na moja alfajiri kilisoma 2,700. Shemeji akacheka: "Shem, mnalala ndani ya chupa, na kizibo mmekaza wenyewe."

Namba hizo zina maana gani? Chukua hewa ya nje, igawe sehemu milioni moja. Siku hizi sehemu zaidi ya 420 tu ndizo hewa ukaa. Lakini pumzi unayotoa mdomoni ina karibu mara mia moja ya kiasi hicho. Wawili mkipumua usiku kucha kwenye chumba kilichozibwa, hesabu inapanda tu. Na hapa ndipo wengi tunapojidanganya: kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Kinavuta ile ile ya chumbani, kinaipoza, kinawarudishia. Mnapata ubaridi, lakini hewa ni ya jana.

Kwa kiwango kile hamtakufa, msiogope. Ila hewa ukaa ikipanda hivyo, ni dalili kwamba chumba hakipumui, na jasho, harufu na unyevu navyo vimerundikana humo humo. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi waliolala kwenye vyumba vyao wenyewe. Usiku walioingiziwa hewa safi walilala vizuri zaidi, na kesho yake walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kufikiri. Sasa mtu asiyeweza kufikiri vizuri asubuhi ataweza kujibu vizuri swali la chai?

Si adui, ni kipimo

Msije mkaichukia hewa hii bure. Ndiyo inayofanya soda ikuchome puani kwa raha. Ndiyo inayoumua maandazi yako: hamira inakula sukari, inatoa hewa ukaa, unga unavimba. Mchicha wako na mwembe wa jirani vinaishi kwa kuivuta. Hata hamu yako ya kuvuta pumzi inatokana nayo. Ukibana pumzi, kinachokulazimisha kuachia ni hasa hewa ukaa iliyojaa mwilini, kabla hata oksijeni haijakuishia.

Shida inaanza inaporundikana ikakosa pa kutokea. Ndugu zetu wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Kule kwenye volkano hewa ukaa inatoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia kwenye mabonde kama maji kwenye beseni. Wanaiita mazuku, upepo mbaya. Haionekani, na mbuzi au mtu akishuka humo anaweza asitoke. Kule Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitapika hewa ukaa iliyokuwa imejikusanya chini ya maji. Watu wapatao 1,700 walikufa, wengi wao wakiwa usingizini.

Angani nako ni hadithi ile ile, ila inakwenda polepole. Kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni. Charles David Keeling alipoanza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa karibu 315. Leo, kama nilivyosema, imepita 420. Usiseme ni pumzi za watu, hapana. Pumzi zetu zinarudisha tu kile ambacho mimea ilikivuta juzi, tukakila. Nyongeza kubwa inatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyolala ardhini mamilioni ya miaka, pamoja na misitu tunayoikata bila kupanda. Hewa hiyo inazuia joto lisitoke, kama blanketi juu ya blanketi. Mwaka 2024 dunia ilikuwa na joto kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa. Na joto likizidi tunafanya nini? Tunafunga madirisha, tunawasha kiyoyozi, umeme zaidi unaliwa. Mzunguko huo!

Na kwa kuwa hii ni safu ya mapenzi, sikilizeni na hii. Mtu wa kwanza kupiga hesabu kamili ya jinsi hewa ukaa inavyoipasha dunia joto ni Svante Arrhenius wa Sweden. Alizianza karibu na Krismasi ya 1894 na kuzitoa mwaka 1896. Mwaka ule ule wa 1894 alikuwa amemuoa Sofia Rudbeck, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1896, hesabu zimekamilika, ndoa ikawa imevunjika. Miaka ya baadaye alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia. Huwa nawaza: bwana yule aliweza kujua anga ya dunia nzima inajaa nini, na nyumbani kwake je?

Tulichobadilisha

Siku ile ile nilitoa lile taulo chini ya mlango. Tukafanya haya, nawe unaweza:

• Jioni, kabla ya kuwasha kiyoyozi, fungua madirisha na mlango robo saa nzima. Asubuhi fungua tena.

• Usiku acha mlango wazi kidogo, au dirisha lenye wavu upenyo wa vidole viwili. Chandarua kiwepo, malaria haina utani.

• Ukishindwa kabisa kwa sababu ya wezi au vumbi, ufunguliwe angalau mlango wa ndani.

• Kiyoyozi weka nyuzi 25 au 26. Miezi ya baridi kizime, feni inatosha. Bili itapungua na anga itakushukuru.

Na hili naliandika kwa msisitizo: USIINGIZE JIKO LA MKAA CHUMBANI. Wenzangu wa Njombe, Mbeya na Arusha, najua Juni na Julai baridi inauma. Lakini mkaa unaowaka mahali palipofungwa hautoi hewa ukaa peke yake. Unatoa kaboni monoksaidi, ndugu yake mwuaji. Haina rangi wala harufu, na inazuia damu isibebe oksijeni. Mkaa kuwa mwekundu bila moshi si usalama, hata kidogo. Jenereta chini ya dirisha na gari linalonguruma ndani ya gereji iliyofungwa ni hatari ile ile. Mkiamka wote na kichwa kinauma na kichefuchefu, na jiko liko ndani, msibishane. Tokeni nje kwanza, kisha hospitali.

Je, dirisha liliiponya ndoa yangu? Ningependa kusema ndiyo, nifunge safu kwa raha. Ukweli ni kwamba asubuhi ya kwanza kidude kilisoma 800 na ushee, kichwa changu kilikuwa chepesi, na Baba Tumaini alipiga mluzi akiwa chumbani kwetu. Nililia kidogo, kwa siri. Lakini wiki ya pili, tukiwa tumelala macho wazi, akaniambia jambo ambalo alikuwa amelibana kwa miezi: alichukua mkopo kazini akamdhamini rafiki yake, na rafiki amekimbia deni. Ndiyo maana alikuwa ananuna hata mchana, ambako hakuna kiyoyozi. Mimi nikamwambia nilipekua simu yake. Kimya kilikuwa kirefu.

Deni bado tunalilipa, mwezi hadi mwezi. Kuhusu simu alikasirika siku tatu, na alikuwa na haki. Ila tulikasirikiana tukiwa kitanda kimoja, tukijua tunakasirikia nini. Hiyo ni tofauti kubwa sana na kununiana bila kujua sababu.

Kwa hiyo wapenzi, kesho mkiamka mmenuniana, kabla hujampigia shosti, kabla hujagusa simu ya mtu, fungua dirisha. Vuteni hewa. Kama kichwa kitapoa na hasira ikaisha, mshukuruni mwembe wa jirani. Kama hasira imebaki, basi kuna jambo, na sasa mna akili za kuliongelea.

Tukutane mwezi ujao. Lala salama, na mlango uache wazi kidogo!