Gari Bila Dereva na Raundabauti ya University Way

Ijumaa jioni nilipanda matatu mjini kuelekea Kangemi. Tulipofika raundabauti ya University Way, tukakwama. Taa iliwaka kijani, ikawa nyekundu, ikarudi kijani, nasi tupo palepale, maana askari wa trafiki alikuwa ameinua mkono. Nyuma yetu ambulansi ikawa inalia. Hakuna aliyeipisha, kwa kuwa hapakuwa na pa kusogea. Mama aliyeketi kando yangu akasema kwa upole, "Huyo aliyemo mle ni wa mtu."

Kijana mmoja akadakia: "Magari yasiyo na dereva yakija, shida hii itakwisha." Je, ni kweli?

Hebu tutazame. Mwaka 2008 wataalamu wa Japani walieleza jaribio lao: magari 22 yalizunguka kwenye duara la mita 230. Hapakuwa na taa wala ajali, lakini msongamano ukazuka wenyewe, kwani mmoja akifunga breki kidogo, wa nyuma hufunga zaidi. Baadaye, huko Arizona, Marekani, watafiti walitia gari moja la kujiendesha kati ya magari kama 20 yaliyoendeshwa na watu. Hilo moja tu lilituliza msafara mzima.

Tangu 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin wamependekeza makutano yasiyo na taa. Kila gari huomba nafasi kwa kompyuta kabla ya kufika, kama abiria akatavyo tikiti ya basi mapema. Ambulansi ingetangulizwa.

Lakini tusishangilie mapema. Mpango huo huleta faida yake kamili magari karibu yote yakiwa ya aina hiyo. Hapa kwetu, gari lenye adabu likingoja zamu yake pale Westlands, matatu na bodaboda zitalipita kushoto na kulia hadi usiku uingie. Isitoshe, Desemba 2025 umeme ulipokatika San Francisco, taa zilizimika, na magari ya Waymo yasiyo na dereva yakasimama kwenye makutano, yakazidisha msongamano. Sasa fikiria Nairobi, ambako taa husema hili na mkono wa askari husema lile. Gari litamtii nani?

Na mwenda kwa miguu je? Magari yakipita mfululizo bila kusimama, mama aliyebeba mtoto atavukia wapi Waiyaki Way?

Dawa za mkato tumezionja. Mwaka 2015, enzi za Gavana Evans Kidero, mapipa yaliwekwa kwenye raundabauti za Uhuru Highway ili kuzuia kukata kulia. Hayakudumu. Mwaka 2022 ikafunguliwa Expressway ya kilomita 27. Wenye kulipa hupita juu, sisi chini tumebanana.

Hata hivyo, kompyuta ile ya Texas ina funzo moja lisilohitaji umeme: haimruhusu yeyote kuingia makutano kabla njia yake haijawa wazi hadi ng'ambo. Hilo wewe na mimi twaweza kulifanya kesho asubuhi. Ukiona mbele kumejaa, simama, hata kama taa ni kijani, hata kama wa nyuma anapiga honi.

Ambulansi ile tuliiacha ikilia. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tukutane Jumapili ijayo.