Gorila wa mashariki mwa Congo: idadi inatia moyo, vinasaba vinatia wasiwasi

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba gorila wa Grauer, ambao hawaishi popote duniani isipokuwa mashariki mwa Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo, walikuwa wamebaki 3,800 hivi. Miaka mitano baadaye, makadirio mapya yakatoa idadi ya 6,800. Wengi waliipokea habari hiyo kama ushindi. Lakini gorila jike huzaa mtoto mmoja baada ya kila miaka minne hivi, na watoto wengi hufa kabla ya kukomaa. Haiwezekani gorila 3,000 wawe wameongezeka katika muda huo mfupi. Kilichobadilika ni hesabu yenyewe: watafiti walipata takwimu za misitu ambayo hapo mbele usalama mdogo ulizuia kuifikia, wakakadiria upya. Kabla ya vita vya miaka ya 1990 gorila hao walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Kwa hiyo hata ukishika ile idadi nzuri zaidi, zaidi ya nusu wametoweka katika muda ambao mtoto wa binadamu anazaliwa, anaoa na kupata watoto wake.

Idadi peke yake haisemi yote. Gorila mia tano wanaokutana na kuzaliana si sawa na gorila mia tano waliotawanyika kwenye vipande kumi vya msitu, kila kundi likiwa limefungiwa na mashamba, barabara na machimbo. Kwa macho, hali hizo mbili zinaweza kufanana kabisa. Ili kuzitofautisha, lazima kujua nani ni ndugu ya nani, na jibu la swali hilo linapatikana ndani ya kinyesi.

Kila jioni gorila hujitengenezea kiota kipya cha majani na matawi, isipokuwa watoto wadogo ambao hulala na mama zao. Anapoondoka asubuhi anaacha kinyesi ndani ya kiota au pembeni, na kinyesi hicho kimebeba seli zilizobanduka kwenye utumbo wake. Wafuatiliaji wa nyayo huchukua kipande kidogo tu, wanakitia ndani ya alkoholi, na baada ya siku moja hivi wanakihamishia kwenye chembe za silika ambazo zinanyonya maji yote. Hakuna sindano, hakuna bunduki ya usingizi, mnyama haguswi. Mara nyingi hata haonekani. Ndani ya seli hizo mna vinasaba, yaani ADN kama wengi wetu tulivyozoea kusikia kwa Kifaransa.

Kwenye uzi mrefu wa vinasaba kuna sehemu ambapo herufi chache zinajirudia-rudia, kama mtu mwenye kigugumizi. Gorila mmoja anaweza kuwa na marudio 14 aliyopewa na mama na 17 aliyopewa na baba. Jirani yake ana 12 na 15. Sehemu moja haitoshi kumtambua mnyama, lakini ukisoma sehemu kumi hivi kwa pamoja, ni vigumu kukuta gorila wawili wenye namba zilezile, labda wawe mapacha wa kufanana. Ni kama namba ya kadi ya mpiga kura, isipokuwa hii haighushiwi, na nusu yake imeandikwa na baba, nusu na mama. Alama hizo ndizo zinaonyesha kwamba dume fulani amehama kutoka bonde hili kwenda lile, au kwamba kwenye mlima fulani wote wamekuwa watoto wa baba mmoja.

Faida ya kwanza ilionekana nchini Uganda, kwenye msitu wa Bwindi. Katika sensa ya mwaka 2006, kuhesabu viota kulitoa gorila wa milimani 336. Sampuli za kinyesi zilipopimwa, ikaonekana ni 302: baadhi ya gorila walikuwa wamejenga viota viwili kwa usiku mmoja, na wakahesabiwa mara mbili. Tofauti ya 34 inaweza kuonekana ndogo, ila kwa jamii ya wanyama mia tatu ni zaidi ya mmoja kwa kila kumi. Tangu hapo vinasaba vimekuwa sehemu ya sensa ya gorila wa milimani. Kwa njia hiyo milima ya Virunga, inayogawanywa na Congo, Rwanda na Uganda, ilipatikana kuwa na gorila 604 katika sensa ya 2015 na 2016. Bwindi ikapata 459 mwaka 2018. Jumla ni 1,063, na ongezeko hilo ni la kweli, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1980 Virunga ilikuwa na 250 hivi.

Kwa gorila wa Grauer habari ni chungu zaidi. Watafiti wa chuo kikuu cha Uppsala, nchini Sweden, pamoja na wenzao walichukua mifupa na meno ya gorila waliouawa misituni mwetu enzi za ukoloni na kupelekwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Walisoma vinasaba vya mifupa hiyo, mingine ikiwa na umri wa karibu miaka mia moja, wakavilinganisha na vya gorila wa leo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: katika vizazi vinne au vitano tu vya gorila, wale wa Grauer wamepoteza karibu asilimia 20 ya utofauti wa vinasaba vyao. Kuzaliana ndugu kwa ndugu kumeongezeka, na kasoro zenye kudhuru pia, zikiwemo zinazoweza kugusa kinga ya mwili na uwezo wa madume kuzalisha. Ni ajabu kidogo kwamba wanyama waliopigwa risasi na wawindaji wa Ulaya ndio leo wanatoa ushahidi wa kile tulichopoteza.

Gorila wa milimani, walio wachache zaidi, hawakuonyesha mporomoko kama huo katika karne hiyo. Si kwamba wao ni wazima. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwenye karibu theluthi moja ya vinasaba vyao, nakala ya mama na ya baba zinafanana, dalili ya kuzaliana ndugu kwa ndugu kwa muda mrefu sana. Lakini kwa kuwa wamekuwa wachache kwa maelfu ya miaka, baadhi ya kasoro mbaya kabisa ziliondoka zenyewe polepole, kwani wenye nazo walikufa bila kuzaa. Gorila wa Grauer walikuwa wengi, kisha wakaporomoka ghafla kwa bunduki, kwa njaa ya nyama kwenye machimbo ya coltan na kwa misitu iliyokatwa. Hawakupata muda huo.

Hasara hii itaonekana siku ugonjwa utakapoingia. Ebola ya mwaka 2002 na 2003 huko Lossi, Congo-Brazzaville, iliua gorila wengi wa magharibi, na mafua ya binadamu nayo yanaweza kuua kundi zima. Pale ambapo kinga za mwili zinatofautiana, wengine hubaki. Zikifanana wote, ugonjwa mmoja unaweza kuwamaliza.

Hapo ndipo suala la njia za wanyama linakuwa la siasa. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 kwenye nyanda za juu, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi nyanda za chini kufikia kilomita mraba 6,000. Sehemu hizo mbili zinaunganishwa na ukanda mwembamba upande wa Nindja, ambao una mashamba, malisho ya ng'ombe na watu wenye madai yao juu ya ardhi. Ukanda huo ukifungwa kabisa, gorila wa juu watabaki kama samaki kwenye beseni.

Ni rahisi kwa mtu wa Kinshasa au wa Ulaya kusema basi wakaaji waondoke. Njia hiyo ilishajaribiwa. Batwa walifukuzwa kutoka msitu huohuo katika miaka ya 1970, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, ilikuta kwamba serikali ya Congo ilivunja haki zao. Vinasaba vinaweza kusaidia kwa namna nyingine: vikionyesha gorila wanapita wapi hasa na wapi hawajapita kwa vizazi viwili, eneo la kulindwa linaweza kupunguzwa na kujadiliwa kilima kwa kilima. Bila takwimu hizo, mazungumzo yanabaki kuwa ramani ya 1975 dhidi ya jembe. Tena gorila wengi wa Grauer wako nje ya mbuga za taifa, ambako sheria ya misitu ya jamii ya mwaka 2014 inaruhusu kijiji kupewa na kusimamia hadi hekta 50,000. Wenye vijiji hivyo ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kupewa matokeo.

Kwa sasa hawapewi kwanza. Kazi kubwa ya kusoma vinasaba vya gorila imefanyika Leipzig na Uppsala. Hoja kwamba Congo haina uwezo imepitwa na wakati: INRB husoma hapahapa nchini vinasaba vya virusi vya Ebola na vya mpox, na ina maabara mjini Goma tangu mwaka 2020. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuweka wanyama kwenye orodha, na fedha za kemikali. Vita nayo imezidisha ugumu. Tangu Goma na Bukavu zishikwe na AFC/M23 mwanzoni mwa 2025, miji miwili ambayo utafiti huu uliitegemea iko upande mmoja wa mstari wa mbele na Kinshasa upande mwingine.

Jaribio lililo wazi zaidi liko mlima Tshiaberimu, kaskazini mwa mbuga ya Virunga, kisiwa cha msitu katikati ya mashamba ya Lubero na Beni. Gorila waliobaki pale hawakufika hata kumi, na utafiti wa vinasaba wa mwaka 2018 ulikuta utofauti wao ni mdogo kuliko wa wenzao wa misitu mikubwa. Wangeachwa hivyo, wangeisha. Mwaka 2023 majike wanne waliolelewa kwenye kituo cha GRACE, huko Kasugho, walisafirishwa kwa ndege hadi Tshiaberimu, na mwaka uliofuata wakafunguliwa kuingia msituni. Wote walikuwa yatima. Wawili wanaitwa Lulingu na Ndjingala, majina ambayo mkaaji yeyote wa Shabunda au Walikale anayatambua.

Damu mpya imefika, lakini bado haijachanganyika hadi watoto wazaliwe na kinyesi chao kionyeshe baba ni nani. Mtoto wa kike akizaliwa leo, yeye mwenyewe hatazaa kabla ya miaka kumi hivi.