Njia Itangulie Nyumba

Twaomba nafasi katika gazeti hili la chama ili tuseme neno juu ya jambo liwagusalo wanachama wengi wa Dar es Salaam, hasa wale ambao kwa udogo wa mshahara wamekwenda kununua viwanja mbali na mji. Jambo lenyewe ni njia. Hatusemi lami, wala mitaro, wala taa. Hayo yana wasemaji wengi. Twasema jinsi njia zinavyokutana, au zisivyokutana.

Msomaji na aende Kariakoo, asimame katika njia panda yo yote ya Mtaa wa Sikukuu. Ataona njia zimefunguka pande nne, na kila moja yampeleka kwenye njia panda nyingine. Mitaa ile ilianza kuchorwa zama za Wajerumani. Waingereza, walioushika mji mwaka 1916, wakaiendeleza, na jina la mahali likatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliopiga kambi pale wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Nyumba za makuti zilizojengwa kwanza hazipo tena. Zikaja za bati, nazo nyingi zimeondoka, na leo ni maghorofa. Nyumba zimebadilika na wenye nyumba wamebadilika, walakini mitaa iko pale pale. Wachoraji wale hawakuwa na mapenzi makubwa kwa Mwafrika, tena waligawa mji kwa rangi za watu. Lakini mstari wao unatufaa hata sasa.

Baadaye mji ulikimbia kuliko kalamu ya mpima. Mwaka 1967 ulikuwa na watu wapatao 273,000; sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Watu walifuata kwanza barabara kubwa nne, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, kama vidole vya mkono ulionyoshwa. Nafasi zilizo kati ya vidole zikajaa baadaye, shamba moja moja, kila mwenye shamba akikata vipande apendavyo na kuacha kijia cha kumfikisha mnunuzi mlangoni pake tu. Hivyo mtu aliweza kuliona paa la ndugu yake ng'ambo ya bonde, lakini ili amfikie ikampasa aende kwanza hadi Ubungo, kisha arudi kwa barabara nyingine. Tuna Mbezi mbili, ile ya Kimara na ile ya pwani, na mgeni akipotea kati yake si ajabu. Barabara ya Goba ilipotiwa lami katika miaka ya 2010, wenyeji wa Mbezi hizo walipata njia nzuri ya kukutana bila kuzunguka Ubungo. Kiungo kimoja tu, na tazama faida yake.

Wako wasemao kwamba mji wa maskini hauwezi kupangwa. Twawajibu kwa Sinza. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachora njia kabla ya nyumba, na mtu akajenga kadiri ya uwezo wake. Mradi huo huo ulikwenda pia Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujenga, ukajaribu kupenyeza njia na maji kati yao. Wachunguzi wa uchumi waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walilinganisha maeneo ya namna hizo mbili katika miji saba ya nchi yetu, wakaona yale yaliyopimwa yakiwa matupu yamekuwa na nyumba bora na mpango ulionyoka zaidi. Wala hatuwalaumu watu wa Manzese. Wao walitangulia, mpima akachelewa.

Lakini hata kiwanja kilichopimwa chaweza kuharibiwa. Wako wenzetu ambao wakipata kiwanja mwisho wa mtaa hujenga ukuta kukatiza kijia cha miguu, wakisema wanazuia wezi. Nyumba mbili zikipeana migongo, ukuta kati yake, mtoto hutembea nusu maili kwenda kuazima kitabu kwa jirani ambaye kikohozi chake husikika usiku. Hilo ni dogo. Moto ukiwaka, gari la zimamoto laingia kwa mdomo mmoja tu, na mdomo huo ukizibwa na lori la mchanga hapana mwingine. Mgonjwa hubebwa mgongoni mpaka barabarani, na jeneza hupitishwa juu ya vichwa.

Twajua jibu la ofisini: fidia ni ghali. Ni ghali kwa sababu tumengoja. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kando ya barabara ya Morogoro, toka Kimara hadi Kiluvya, ili barabara ipanuliwe, na machozi yale wengi mliyaona. Katika urasimishaji wa makazi wenyeji huketi wakakubaliana kila mmoja amege kipande cha ardhi yake, njia ipite. Mwenye shamba tupu humega kwa urahisi, maana kinachobaki hupanda bei. Mwenye ukuta uliokwisha kupigwa lipu hakubali, nasi twamwelewa.

Basi ombi letu ni kwa wenzetu wa ofisi za ardhi, na kwa wenyeviti wa mitaa ya Chanika, Msongola na huko Kigamboni ambako mashamba yangalipo. Kabla madalali hawajamaliza kugawa, zipandwe bikoni za njia zinazovuka toka shamba hili hadi lile, hata kama ni vumbi tupu kwa miaka ishirini. Na mwanachama anayekwenda kununua kiwanja mwezi huu amwulize muuzaji, mbele ya mashahidi, njia hii inatokea wapi. Akijibiwa kwamba haitokei, na ashike fedha yake kwanza.