Herufi Kubwa Katika Mikataba: Zamlinda Nani?

Asomaye mikataba ya kibiashara ya Marekani hakosi kukutana na aya nzima iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na aghalabu ndiyo aya inayompunguzia mnunuzi haki zake. Sisi wanafunzi wa umitindo huenda tukaiona kuwa kelele tupu. La hasha! Mazoea haya yana shina katika sheria. Kanuni Sare za Biashara za nchi hiyo, zilizochapishwa mwaka 1952, humruhusu muuzaji kukana kwa maandishi dhamana ya kwamba bidhaa yake yafaa kwa matumizi ya kawaida, mradi kanusho hilo liwe wazi kiasi cha kuonekana na mtu wa kawaida atakayebanwa nalo.

Kwa nini basi herufi kubwa? Taipureta ya kawaida haikuweza kukoza wino wala kubadili ukubwa wa chapa. Ilikuwa na herufi kubwa na kistari cha chini, basi. Taipureta imetoweka ila mtindo umebaki, kwa kuwa wakili huogopa kuacha umbo ambalo mahakama zimekwisha kulizoea. Simlaumu sana; gharama ya ubunifu wake ingemwangukia mteja.

Hata hivyo, maneno yote yakipaazwa, ni lipi litakalosikika? Mwaka 2002, katika kesi ya Bassett, mahakama ya rufani ya shirikisho huko Marekani ilieleza kwamba sentensi ya herufi kubwa iliyozikwa ndani ya aya ndefu ya herufi kubwa yaelekea kutohesabiwa kuwa wazi, na kwamba maneno yaweza kuonekana vyema bila herufi hizo. Uingereza nako, Jaji Denning alikwisha kusema mwaka 1956 kuwa vifungu vingine vyahitaji wino mwekundu na picha ya mkono unaovielekea.

Suala hili latuhusu sisi tutakaotafsiri mikataba. Hati za Kiarabu, walizotumia washairi wetu wa Lamu na Mombasa, hazina herufi kubwa hata moja, na bado msisitizo ulipatikana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 champa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa na huduma. Kwa hiyo, mfasiri akikabidhiwa aya ya mistari ishirini iliyopaazwa, asiinakili kelele hiyo. Aikate sentensi, aipe kichwa kilichokolezwa wino, kisha amwambie mnunuzi kwa Kiswahili cha kawaida: bidhaa hii ikiharibika, muuzaji hatakulipa.