KASORO ZA CHUMA CHETU TUZICHUNGUZE WENYEWE



Mwaka 1910 reli ya kwanza ilifika Dodoma. Mwaka 2024 ikafika ya pili, ya treni ya umeme itokayo Dar es Salaam. Mara zote mbili chuma cha reli kilitoka ng'ambo. Ya kwanza tuliletewa na mkoloni; ya pili tumeijenga wenyewe, nasi twajivunia. Lakini yafaa tujiulize: je, chuma cha reli ya tatu nacho tutakinunua?

Wengi hudhani kuwa chuma ni kitu kimoja kizima. Sivyo. Menya hindi ulitazame. Punje zimejipanga safu kwa safu, lakini hapa punje moja haikuota, pamebaki pengo. Pale safu imekatika katikati, na safu za jirani zimepinda kuziba nafasi yake. Atomu za metali nazo zimepangika hivyo, na zina kasoro za namna hiyo hiyo. Safu iliyokatika inaposogea, chuma hupinda. Ndiyo maana mhunzi aweza kufua jembe. Tia kaboni kidogo, nayo huizuia safu ile isisogee ovyo, chuma kikawa pua. Na reli ikipitiwa na magurudumu kila siku, kasoro hukusanyika hata ufa ukazaliwa.

Kuzifuata kasoro hizi atomu kwa atomu ni kazi ya kompyuta. Mwaka 1960 Vineyard na wenzake, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, waliiga atomu mia chache za shaba kwa mashine kubwa ya siku zile. Leo kompyuta ya mezani huiga maelfu mengi, na programu za kazi hiyo, kama LAMMPS na Quantum ESPRESSO, hutolewa bure kwa mtu ye yote.

Wako wasemao: "Mtoto wa Bahi hana dawati, nawe wataka atomu!" Nawajibu hivi. Dawati ni haki yake, nasi tutalidai. Lakini elimu hii haitaki tanuri wala kinu cha mamilioni. Yataka hesabu, umeme, kompyuta na mwalimu. Nchi isiyo na fedha nyingi yaanzia hapa.

Tena tusijidharau. Mwaka 1978 Schmidt na Avery waliandika katika jarida la Science kuwa wazee wa Buhaya walikuwa wakifua pua tangu kale.

Jambo kubwa ni nani achaguaye swali. Kijana wetu aendaye Ulaya kusomea udaktari mara nyingi hupewa swali la wenyeji wake, pengine metali ya injini za ndege zao. Hatumlaumu. Lakini huko Liganga, Ludewa, mawe ya chuma yamechanganyika na titani na vanadi. Vanadi ndani ya pua hufanya chembe ndogo mno zinazozuia safu zisisogee, na pua huwa imara zaidi. Kiasi gani chafaa? Kwa joto gani? Hilo ni swali la udaktari, na anayepaswa kuliuliza kwanza ni sisi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Njia imekwisha kufunguliwa. Abdus Salam wa Pakistan alianzisha kituo cha Trieste mwaka 1964 ili wanasayansi wa nchi maskini wasifanye kazi katika upweke. Shule ya Afrika ya hesabu hizi ilianza mwaka 2010, na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, kwa jirani zetu wa Kenya.

Basi tudai mambo matatu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, kipewe nafasi za udaktari juu ya metali za nchi hii. Kompyuta zake zipewe umeme usiokatika. Na kila atakayehitimu aandike muhtasari wa kazi yake kwa Kiswahili, ili fundi wa reli wa Dodoma ausome na kumwuliza maswali.

Wanachama, lisemeni jambo hili matawini. Mwenye kuijua metali yake hadanganywi bei yake.