Kwaya yetu ichukue programu gani?

Wandugu wanafunzi, wengi wanasema: tuchange franga, tununue FL Studio, maana maprodusa wakubwa wanaitumia. Sisi tunakataa. Ile programu ya Wabeleji ni nzuri sana kwa kupanga ngoma na kinanda, lakini kwaya yetu iko na sauti za watu. Na ile yake ya kujaribu bila kulipa inakubali kuhifadhi kazi, kesho kuifungua inakataa! Audacity iko bure tangu mwaka 2000. Unarekodi soprano, kisha besi juu yake. Mwenye kupenda midundo ajaribu LMMS, nayo ni bure. Ya kuibiwa kwenye flashi hapana: virusi vinaweza kula notsi za darasa lote. Franga zikipatikana, tununue mikro.